Kitabu cha Vyumba Viwili na Sebule

Jumatatu mchana, watoto walipokuwa wamerudi madarasani, mkutubi wa shule ya msingi aliketi kupaka gundi mgongo wa kitabu kilichoachana na jalada lake. Maktaba ilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi, ubavuni mwa vyoo vya wavulana, na kila aliyepanda ngazi mbio alimwangushia vumbi kichwani. Mkutubi alishazoea, alijifunga kitambaa tu. Alikuwa akikizungushia kitabu kipande cha mpira wa baiskeli ili gundi ishike, ndipo akaingia fundi cherehani mmoja, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, amemshika binti yake mkono.

"Mwalimu," alisema bila kuketi, "kitabu ulichompa mtoto wangu kimetutolea chumba."

Mkutubi aliweka brashi chini. "Chumba cha namna gani?"

"Cha kawaida. Kina mlango, kina dirisha, chini saruji. Kimetokea nyuma ya kabati la vyombo. Baba yake amelisukuma kabati, mlango unafunguka vizuri, hata haukwaruzi. Sasa nimekuja kuuliza: kitabu kikirudi, na chumba kinarudi?"

Mkutubi alifikiri kidogo. "Utaratibu wetu unadai kitabu tu."

"Afadhali," alisema yule mama, akashusha pumzi na kukiweka kitabu mezani. "Basi mpe kingine."

Mtaani aliitwa Mama Kijiti. Kijiti ndiye huyo binti, mwanafunzi wa darasa la nne, mwembamba, mnyoofu, mwenye tabia ya kukutazama mdomoni unapoongea kana kwamba maneno yatatoka na kitu kingine nyuma yake. Siku alipokuja maktaba mara ya kwanza alikuja peke yake. Mkutubi hakuwa na desturi ya kumuuliza mtoto yuko darasa gani. Alimuuliza swali alilowauliza wote: kitabu gani ulikiacha katikati, na kwa nini.

Kijiti alijibu kwamba aliacha kimoja cha mvulana mtiifu aliyezawadiwa kalamu. "Hakuna kilichotaka kutokea," alisema.

Mkutubi aliipenda sana sababu hiyo. Akainuka, akatoa kwenye rafu ya juu riwaya ya msichana anayefuga kunguru mwenye mguu mmoja, katika nyumba iliyo kando ya mto, na mto unaanza kujaa. "Sura ya tatu inatisha," alimwambia. "Ukiogopa, funga kitabu, kunywa maji, halafu urudi. Usiruke. Wanaoruka hawajui baadaye kwa nini wanalia."

Kijiti aliisomea nyumbani, kwenye vyumba viwili walimoishi watu sita: yeye, baba yake, aliyekuwa fundi wa friji na aliyelala na injini za friji chini ya kitanda, mama yake na cherehani yake, wadogo zake wawili, na mjomba, aliyekuja kwa ajili ya mazishi mwaka uliopita na bado alikuwa hajaondoka. Alisoma juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya mlango, miguu ameikunja ili watu wapite. Alipofika sura ya tatu alikunywa maji. Alimaliza wengine nyumbani wakiwa mezani, na asubuhi mlango ulikuwepo.

Chumba kilinukia chokaa mbichi. Dirisha lake, kwa hesabu za nyumba ile, lingepaswa kutazama ukuta wa jirani, lakini lilitazama mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa, na juu ya mti mkavu uliosimama majini alikuwepo kunguru. Kijiti alimsabahi. Alitandika mkeka wake, akapanga penseli zake dirishani, akaketi.

Kufikia adhuhuri cherehani ilikuwa imehamia mle, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Jioni alihamia mjomba, kwa sababu cherehani haikoromi. Baada ya usiku mmoja alilalamika kwamba vyura wa mto ule hawana adabu, akachukua nyundo, akalipigilia dirisha misumari. Kijiti alikunja mkeka, akarudi kwenye ndoo.

Habari haikukaa. Kabla ya hapo wazazi waliofika maktaba walikuja kutafuta mitihani ya miaka iliyopita, na riwaya waliziita porojo. Mzazi akimkuta mwanawe na riwaya, alimuuliza mkutubi kama hakuna kitabu chenye maswali nyuma. Sasa foleni ilianzia mezani kwa mkutubi, ikapanda ngazi, ikazuia madarasa ya juu kutoka.

Karani mmoja wa benki alijitokeza mbele akiwa amelegeza tai. "Nataka cha vyumba viwili na sebule."

"Mwanao anapenda hadithi za namna gani?" mkutubi aliuliza.

"Anapenda sebule."

"Nimeuliza hadithi."

"Mwalimu, ana miaka tisa yule. Anajua nini?"

Mkutubi alijikaza. Alimwekea mezani riwaya tatu, akazieleza moja moja, kama alivyofanya kwa kila mtu miaka yote na kama alivyoamini inavyopaswa kufanywa. Ikiwa mtoto ni mwepesi wa kucheka, aanze na hii ya mapacha waliomficha punda shuleni. Ikiwa anapenda kufungua vitu kuona vinafanyaje kazi, hii ya msichana anayetengeneza redio ndani ya kopo la maziwa. Hii ya kisima ni nzuri kuliko zote, ila asipewe mtoto anayelala na taa ikiwaka. "Na msome pamoja," alisema. "Sura moja kila mkishakula. Wewe ukurasa, yeye ukurasa."

"Hii ya kisima," alisema karani, "inakuja na maji ya bomba?"

Hakungoja jibu. Alizipima riwaya mkononi kama anayenunua nyama, akachukua nene kuliko zote, ambayo hata haikuwa miongoni mwa zile tatu. Mtoto wake alifungiwa nayo chumbani kwa tishio la kunyimwa mpira. Baada ya siku chache karani alirudi amefura. Hakupata chumba. Alipata korido. Alikuwa ameingia na tochi, akatembea mpaka miguu ikamuuma, asione mlango kushoto wala kulia, akageuza.

"Mwanao ameruka kurasa," mkutubi alimweleza.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mmepata korido."

Karani aliomba abadilishiwe. Nyuma yake alisimama mama mmoja aliyepata chumba kisicho na mlango: walikisikia tu, wakigonga ukuta. Nyuma yake kulikuwa na baba aliyemfanya mtoto asome huku akimhesabia dakika kwa saa, naye alipata chumba chenye dari ya kumfika kiunoni, na alitaka kujua ni nani atakayelipia kuinua dari. Mkutubi alimuuliza kila mmoja swali lile lile: mtoto mwenyewe alisemaje kuhusu hadithi? Hakuna aliyejua. Mmoja alimtazama kama aliyeulizwa nguruwe walisemaje kuhusu banda.

Mkutubi mwenyewe alikuwa amezisoma riwaya zote zile, nyingine mara kadhaa, na alikuwa akiishi katika chumba kimoja cha kupanga. Hazikuwahi kumtolea hata rafu. Hakulalamika. Alichokuwa akikifanya siku zile, foleni ikiisha, ni kuchukua penseli na kuichonga, kuichonga, mpaka inabaki kifutio.

Aliitisha kikao cha wazazi. Walijaa uwanjani hadi getini, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa ajili ya maktaba. Alisema hana maneno mengi. Chumba kinachotoka kitabuni ni cha aliyekisoma kitabu. "Naomba jambo moja," alisema. "Mwachieni mtoto. Na dirisha msipigilie misumari."

Walipiga makofi ya nguvu. Karani wa benki alinyoosha mkono kuuliza waachie mpaka lini, na mkutubi akasema mpaka mtoto akue. Karani akasema akikua si atahama, basi hapo chumba kimepotea bure. Wengine waliguna kukubali, kisha wakapiga makofi tena.

Mwalimu mkuu ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Kesho yake aliamuru darasa la sita lisome riwaya moja kwa pamoja, kwa sauti, nje ya ofisi yake. Shule ilipata ofisi mpya ya mwalimu mkuu, yenye choo cha ndani na dirisha linalotazama bonde lenye twiga. Darasa la sita liliendelea kukaa wanne wanne kwenye dawati.

Kijiti aliendelea kusoma. Riwaya ya mtoto anayeishi kwenye stesheni ya treni ilileta chumba kirefu ambacho kila baada ya muda kilitikisika kidogo, na baba yake akahamishia humo friji zote za wateja, akisema mtikisiko unaondoa kutu. Riwaya ya wapanda mlima ilileta chumba kikubwa chenye baridi nzuri. Mama yake alinunua makochi, akayaacha na nailoni zake, na watoto wakapigwa marufuku kuingia. Nyumba ilikuwa sasa na vyumba vitano, na watu wa mtaa walikuja kuitazama. Walipokuja walimkuta Kijiti kizingitini, juu ya ndoo, na walimpongeza wakiwa wanamruka.

Kisha vyumba vikakoma. Mama Kijiti alikuja maktaba na riwaya mbili mkononi. "Mwalimu, hizi zimeisha nguvu," alisema. "Kasoma zote, hakuna kitu."

Alipoondoka, mkutubi alizifungua. Alijua vidole vya kila mtoto wa shule ile. Vya Kijiti vilikuwa na wino wa bluu kwenye gumba, na vilionekana pembeni ya kila ukurasa, kutoka wa kwanza mpaka mmoja kabla ya mwisho. Ukurasa wa mwisho ulikuwa safi.

Alimwita wakati wa mapumziko. "Hii ya mbuzi aliyepotea, hukumaliza."

"Sikumaliza."

"Hutaki kujua kama walimpata?"

"Nataka," alisema Kijiti, kama mtu aliyeulizwa akiwa na kiu kama anataka maji. "Lakini nikimaliza kinatoka chumba. Kikitoka wanaleta kitu."

Mkutubi alitamani kumwambia amalize, kwa sababu hadithi isiyomalizwa humkaa mtoto kooni. Alitamani pia kumwambia asimalize hata siku moja. Alimrudishia riwaya ya mbuzi, akabaki akiifuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Siri haikudumu. Wadogo zake walimchongea, na jioni hiyo hiyo Mama Kijiti alisimama juu yake na mwiko mkononi, akamsomesha ukurasa wa mwisho kwa sauti mpaka nukta. Mbuzi alipatikana, mzima, na ndama wa jirani alikuwa naye. Kijiti aliisoma sehemu hiyo kama anayesoma bei za sabuni. Asubuhi kilikuwepo chumba kisicho na dirisha. Kiliwekwa mapipa ya maji.

Siku ya pili yake alikuja maktaba akasimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Mwalimu, hakuna chenye chumba kidogo? Kidogo hivi, mtu mzima asiingie."

Mkutubi hakuwahi kuombwa riwaya kwa namna hiyo, lakini ombi lilikuwa wazi kuliko mengi aliyoyapokea mwaka ule. Alitafuta kwenye rafu zote, akapanda juu ya kiti, akashuka, akapekua hata sanduku la vilivyochanika. Mwishowe alimpa kitabu chembamba cha konokono anayevuka bustani kumrudishia rafiki yake tone la umande. "Ni cha wadogo," alisema kwa kumwomba radhi. "Lakini aliyekiandika hakuwadharau."

Kijiti alikisoma mara moja, chote, akatabasamu pale konokono alipofika na tone limekauka. Nyumbani, karibu na mahali pa kuwekea ufagio, kikatokea kijimlango cha urefu wa goti. Aliingia kwa magoti. Ndani alienea akiketi, magoti yamemgusa kidevu, kitabu juu ya magoti. Kulikuwa na kidirisha cha ukubwa wa kiganja, na nje yake majani mabichi makubwa mno, yametota. Ilikuwa Jumapili, akakaa humo mchana kutwa. Mjomba alijaribu kuingiza kichwa, mabega yakagoma. Mama alimwita mara kadhaa, na Kijiti akaitika, "Bee," bila kutoka. Wadogo zake walisema baadaye kwamba walimsikia akicheka peke yake.

Aliporudi kutoka shule siku iliyofuata alikuta humo mtungi wa gesi. Ulienea kana kwamba ulipimiwa.

Aliposikia hayo, mkutubi alifunga maktaba mapema, akaenda kwa mguu hadi nyumbani kwa Kijiti. Mama Kijiti alimpokea kwa heshima, akamtembeza vyumba vyote, akamfungulia hata pale penye friji zinazotikisika. Katika chumba cha kwanza, kwenye cherehani, ilikuwepo sare ya shule nusu imeshonwa. Taa iliwaka mchana kwa sababu dirisha lilikuwa limepigiliwa, na nyuma ya mbao mto ulisikika.

"Mama Kijiti," alisema mkutubi, "vyumba vyote hivi amevileta mtoto. Mpeni kimoja."

"Mwalimu, mtoto hana kazi na chumba. Mtoto analala, anaamka, anakwenda shule."

"Anasoma."

"Si anasoma? Nani kamkataza? Ndiyo maana tuna nyumba." Mama Kijiti alivuta kiti akaketi, kwa mara ya kwanza mbele ya mkutubi. "Nikuambie ukweli. Mimi kwetu tulilala tisa. Nimeolewa, nikashonea jikoni, moshi kwenye vitambaa vya watu, natukanwa. Leo nina mahali pa kukaa na mgongo wangu. Unataka nimtoe nani? Mimi? Kaka yangu aende wapi? Friji za wateja nizitupe barabarani? Wewe niambie, nani anatoka, nitamtoa sasa hivi."

Mkutubi alitazama pembeni ya chumba. Mjomba alikuwa amejinyoosha kitandani, soksi miguuni, akijifanya amelala. Aliona kila mmoja mle ndani ana haja ya kweli, na hasira yake ikakosa pa kutua. Hilo lilimkera kuliko kama wangekuwa wabaya.

"Angalau mtungi," alisema.

"Mtungi ukikaa jikoni na hao wadogo wanavyochezea? Ulipuke?" Mama Kijiti alitikisa kichwa kwa upole. "Tena afadhali umekuja. Shangazi yake anahamia kwetu mwisho wa mwezi. Ana vitu vyake. Mpe kitabu kizuri, Mwalimu, kile cha kueleweka. Na mwambie amalize."

Mkutubi aliaga. Njiani alipita mbele ya nyumba nyingi zilizokuwa na madirisha yasiyolingana na kuta zake, yakitazama bahari, misitu, mtaa wa mji wenye theluji. Karibu yote yalikuwa na pazia zito, na nyuma ya pazia migongo ya makabati. Watoto walikuwa wameketi nje kwenye ngazi, vitabu mapajani.

Alimpa Kijiti riwaya ya msichana anayebeba taa kutoka mji hadi mji kumtafuta kaka yake aliyechukuliwa na kundi la waimbaji. Hakumwambia chochote kuhusu shangazi. Alimwambia sura za katikati zinakwenda polepole, avumilie, kwa sababu msichana naye anatembea kwa miguu.

Kijiti alivumilia. Alirudi siku ya Ijumaa, baada ya kengele ya kwenda nyumbani, amekunja kona ya ukurasa wa mwisho. Watoto walikuwa wakishuka ngazi kwa kishindo na vumbi lilikuwa likianguka juu ya vitabu.

"Nimebakiza mmoja," alisema. "Nikisomewa na mtu, kinatoka?"

"Sijui," alisema mkutubi.

"Nisomee."

Mkutubi alifunga mlango, akavaa miwani, akasoma. Msichana wa kwenye hadithi alirudi na kaka yake jioni, taa ikiwa imebakiwa na mafuta ya mwisho. Mji wote ulitoka kuwapokea. Mama yao aliangusha ndoo ya maji alipowaona. Watu walikula, wakacheza, wakaimba mpaka walipochoka, kila mmoja akaenda kwake, na taa ikazimwa. Mkutubi alisoma polepole na kwa sauti ya chini, kila neno akiliweka mahali pake.

Walisubiri. Walitazama kuta zote nne, na Kijiti akachungulia hata nyuma ya rafu. Hakikutoka kitu. Kijiti alipumua, akaketi sakafuni kwa raha, kama aliyelipwa.

"Na yeye alilala wapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyo msichana. Wote walikwenda kwao. Yeye alilala wapi?"

Mkutubi alirudi kwenye mistari ya mwisho, akaisoma kimyakimya. Aligeuza ukurasa. Upande wa pili ulikuwa mweupe.

"Haikuandikwa," alisema.

Kijiti aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Alisimama, akapangusa sketi yake, akavaa mkoba. Ilimbidi awahi, kwa sababu shangazi alikuwa anakuja kuangalia nafasi, na yeye alitakiwa kuyafuta makochi vumbi kabla mgeni hajaketi.